Kisa cha Hasina binti Luqman na Meza Sifuri

Sogeeni, enyi wenye masikio, nanyi wenye simu mikononi zilazeni kifudifudi, maana habari hii haitaki kusikilizwa nusunusu. Naanza kwa jina la Mola, ajuaye idadi ya chembe za mchanga kutoka Kinondo hadi Chale, na ajuaye vilevile kila mgeni ameketi meza gani. Kisha nauomba ulimi wangu usiteleze, nao ukiteleza, uteleze upande wa utukufu. Nitawasimulia jinsi Hasina binti Luqman, simba jike wa Msambweni, mlinzi wa nyaya, mtuliza printa, alivyoingia vitani mchana kweupe siku ya Jumamosi, akapambana na adui asiyeandikwa popote, akamshinda kwa alama sita. Nimesema sita. Wapo wafalme waliopigana miaka saba wakaambulia kilima kimoja.

Pale Galu inapokaribia kuukabidhi mchanga wake kwa Kinondo ipo hoteli iitwayo Pweza Mwekundu, yenye mapaa ya makuti, tumbili wezi na meneja mmoja. Siku hiyo ilikuwa imekodishwa na Mama Syovata, mkulima wa machungwa kutoka Shimba Hills, mjane aliyelea watoto watano, ambaye alikuwa akimwoza kitindamimba wake, Wayua. Wageni walikuwa mia na tisini. Meza zilikuwa ishirini na nne, zimevikwa vitambaa vyeupe na kupangwa bustanini safu kwa safu, kama jeshi linalongoja tarumbeta. Meza ya Kwanza ilikuwa ya maharusi. Ya Pili ilikuwa ya wachungaji. Ya Tatu aliketi Mzee Maweu, babu yake bi harusi, ambaye aliagana na jino lake la mwisho mwaka juzi. Ya Nne walijaa rafiki zake bwana harusi, vijana wa boda boda wenye shingo nene na njaa iliyosafiri nao kutoka mlimani.

Jemadari wa jikoni alikuwa Munyoki wa Muange, mpishi mkuu, mtu wa Mutomo, aliyeteremka pwani miaka kumi na miwili nyuma akiwa na begi moja, asijue nazi hukunwa upande gani. Naye sasa wali wake wa nazi huwatoa machozi hata wazee wa Vanga. Ama Hasina, yeye alikuwa fundi wa kompyuta wa hoteli. Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo nyuma ya dobi, chenye joto la mashuka yanayopigwa pasi, na humo alitawala peke yake, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kiti cha pili.

Utaratibu wa hoteli ulikuwa huu. Weita humuuliza mgeni atakula nini, hubonyeza kwenye kioo alichoshika mkononi, na kompyuta ya Hasina hupokea habari hiyo na kuituma kwa printa ya jikoni, nayo hutoa karatasi ndogo: meza fulani, chakula fulani. Munyoki husoma, hupakua, hupiga kengele. Kwa miaka miwili utaratibu huo ulikwenda kama maji mferejini, hata mtu angedhani umeumbwa pamoja na bahari.

Basi ilipotimu saa saba kasorobo, nusu ya wageni wakiwa wamekwisha kuagiza, stima ikapotea.

Haikupotea kwa muda mrefu. Jenereta lilikohoa, likanguruma, na taa za jikoni zikarudi kabla ya kitunguu kuungua. Watu wakapiga makofi. Laiti wangalijua! Maana kule nyuma ya dobi kompyuta ilikuwa imezimika na kuwaka tena, na katika kuwaka huko adui aliingia.

Karatasi ya kwanza baada ya stima kurudi ilisomeka hivi: Meza 0, wali wa nazi, kuku wa kupaka, maji ya ukwaju.

Aliyepewa sinia hilo ni Sefu, weita mrefu, mwendo wa madaha, asiyewahi kumwaga mchuzi tangu aajiriwe. Sefu alitoka nalo kwa fahari. Akarudi nalo baada ya muda, mchuzi umeganda, fahari imekwisha.

"Enyi watu wa Pweza Mwekundu!" akalia, akiwa amesimama katikati ya mlango. "Nimezunguka meza ishirini na nne. Nimezunguka bwawa la kuogelea. Nimefika mpaka kibanda cha mataulo, nikapiga hodi. Niambieni, kwa haki ya chumvi tuliyokula pamoja, hiyo Meza Sifuri iko wapi? Au imezama?"

"Mimi kazi yangu ni kupika, si kuhesabu meza," Munyoki akajibu, upawa mkononi. "Karatasi imesema Sifuri, wewe enda utafute Sifuri. Sisi kwetu Mutomo mito imekauka, lakini mtoto akitumwa maji anarudi na maji!"

Wakati huo bustanini mambo yalikuwa yameharibika kwa namna ambayo waandishi wa zamani wangeipa kurasa arubaini. Uji wa Mzee Maweu ulitua mbele ya mchungaji mkuu, akautazama, akauombea kwa mashaka. Mbavu za mbuzi za vijana wa boda boda zilimwangukia Mzee Maweu, naye akaziinua moja moja, akazipindua, akazirudisha, kama mtu asomaye barua ya lugha ngeni. Na pweza wa nazi walioagizwa na wachungaji wakapelekwa kwa maharusi. Sasa fahamuni kwamba Wayua hawezani na pweza: akila kipande kimoja uso humvimba kama andazi. Msichana alikuwa hajatia kitu kinywani tangu jana kwa wasiwasi. Aliwatazama wale pweza, akamtazama mpiga picha, akaanza kujifuta macho kwa shela.

Mama Syovata akainuka mezani. Hakupiga kelele. Alimwendea meneja, Bwana Japheth, akamwambia kwa sauti ya chini: "Baba, mtoto wangu ana njaa siku ya harusi yake." Bwana Japheth, mtu wa tai, aliyekuwa haogopi mvua wala mkaguzi, aliyaogopa maneno hayo, akaelekea jikoni kwa hatua za kivita.

Lakini tumwache njiani, tukamtazame shujaa wetu.

Hasina alikwisha kuitwa kwa simu mara tatu. Kwanza alilaumu printa, akaagiza karatasi zake zikaguliwe. Kisha akalaumu stima, ambayo hulaumiwa na kila mtu na haijapata kujitetea. Kisha, kwa kuwa alikuwa mkweli pale alipobanwa, akaketi, akaiuliza kompyuta yenyewe imeamka na nini.

Hapa yanipasa kuwatia katika elimu kidogo, nanyi vueni viatu tusije tukaichafua. Programu ya siku hizi husafiri ndani ya kasha. Mafundi huliita kontena. Kasha hilo limefungwa na kila kitu chake ndani, kama mpishi asafiriye na sufuria zake, chumvi yake na mwiko wake. Makasha huwekwa katika ghala kubwa huko mtandaoni, na kila moja hubandikwa lebo yenye nambari: hili la kwanza, hili limerekebishwa, hili jipya kabisa. Mwenye kuagiza hutaja jina la kasha na nambari anayoitaka. Lakini akitaja jina tu na nambari asiitaje, mashine haimuulizi. Hujijazia yenyewe neno moja la Kizungu, latest, yaani la karibuni. Nalo neno hilo si ahadi wala si nambari. Ni jina tu, kama mtu aitwaye Sultani naye anauza mihogo. Walifungao makasha hulibandika leo hapa, kesho pale, wasikuambie.

Na kompyuta ya Pweza Mwekundu ilikuwa imeamriwa kuagiza kasha upya kila iamkapo. Miaka miwili iliamka, ikaagiza, ikaletewa kasha lisilo na ubaya. Siku tatu kabla ya harusi, mafundi wa mbali wakaling'oa lile neno na kulibandika kwenye kasha jipya kabisa, ambalo ndani yake meza zinahesabiwa kuanzia sifuri.

Hasina alifungua faili la maagizo, akalisoma mstari kwa mstari, akafika pale. Jina la kasha lilikuwapo. Mbele yake hapakuwa na kitu. Na juu yake kulikuwa na jina la aliyeuandika mstari huo, pamoja na tarehe, miaka miwili iliyopita, Ijumaa saa kumi na moja kasoro dakika tano, saa ambayo hakuna mtu wa Msambweni anayetaka kukosa gari la kurudi nyumbani. Jina lilikuwa lake mwenyewe.

Alihisi baridi, ilhali chumba kile hakijawahi kuwa na baridi.

Na hapo, kupitia ukuta mwembamba wa dobi, akaisikia sauti ya Bwana Japheth.

"Munyoki wa Muange! Miaka kumi na miwili nimekutetea. Nilikutetea siku ya moto wa mafuta. Nilikutetea ulipomfukuza yule mgeni wa Kijerumani kwa mwiko. Lakini leo umempa kikongwe mbavu na bi harusi sumu! Mtu asiyejua kusoma karatasi hawezi kuongoza jiko. Ivue hiyo kofia. Leo leo."

Kisha sauti ya Munyoki, ndogo kuliko Hasina alivyowahi kuisikia: "Bosi, mimi nimesoma vile imeandikwa."

Enyi wasikilizaji, ni rahisi kumsifu simba akiwa juu ya mawindo. Mtazameni sasa, amekaa kwenye kiti cha plastiki, vidole juu ya vibonye. Angeweza kunyamaza. Angeweza kurekebisha kimyakimya, kisha aseme stima, na dunia nzima ingemwamini. Aliufikiria mpango huo kwa muda wa pumzi mbili, nami sitauficha, maana mwandishi wa tarehe hapaswi kupaka mashujaa wake poda. Kisha akasimama, akaingia jikoni.

Munyoki alikuwa ameishika kofia yake kifuani kwa mikono miwili.

"Bwana Meneja," Hasina akasema, "ngoja kidogo. Usimvue mtu kofia kwa kosa langu."

"Kosa gani?"

"Kuna nafasi kwenye maagizo ya kompyuta. Niliiacha tupu."

"Ulitakiwa uweke nini?"

"Nambari."

"Ukaweka nini?"

"Sikuweka kitu."

Bwana Japheth akamkazia macho. "Basi kosa liko wapi kama hukuweka kitu?"

"Liko hapo hapo, bwana. Katika kutoweka."

Hata mafuta yalikaanga kwa adabu. Hasina akawaeleza kwa maneno machache kwamba kompyuta iliamka na kasha jipya, kwamba kila karatasi iliyotoka baada ya stima kurudi ina meza pungufu kwa moja, na kwamba ile Sifuri ni ya maharusi.

"Sasa si tuongeze moja tu?" Sefu akapaaza sauti, uso umemng'aa.

Munyoki akainua rundo la karatasi zilizokuwa zimechomekwa kwenye msumari. "Ongeza kwa gani? Hapa kuna za kabla ya stima na za baada, zote zimechanganyika, na zote zimelowa mchuzi. Ukiongeza kwa ile ambayo ilikuwa sawa, unaiharibu. Hasina, hebu rudisha ile ya kwanza. Ile ya jana. Halafu tutume oda zote upya."

"Ndilo tatizo, kaka Munyoki. Ile ya jana sijui ilikuwa nambari ngapi. Sikuiandika. Ghalani kuna makasha thelathini na moja, na yote tuliyowahi kuyatumia yaliitwa la karibuni."

Akafikiri. Macho yakamng'aa. "Baa ya ufukweni!"

Baa ile ilikuwa na kompyuta yake ndogo, na kasha lilelile ndani. Waya wa jenereta haukufika huko, lakini chini ya kaunta kulikuwa na betri, na betri ikiishikilia kompyuta isizimike, basi kasha la jana lilikuwa bado hai. Hasina akampigia simu Randu, mwenye baa. Simu ya Randu ilikuwa imezimwa, kwa kuwa alikuwa akiichaji, na stima haikuwapo.

Hasina akavua viatu, akatoka mbio.

Alipita nyuma ya dobi kama mshale, akaruka bomba la kumwagilia, akamtisha tumbili aliyekuwa na skonzi mbili, akafika kwenye lango dogo la ufukweni, katikati ya ua wa miti ya miba. Hapo alisimama Tembo, askari wa lango, Mduruma wa Samburu, mtu ambaye amri ikishamwingia kichwani haitoki bila barua.

"Simama!" akasema Tembo, rungu mbele. "Amri ya leo ni hii: mfanyakazi asivuke nyasi hizi hadi picha za harusi ziishe. Nimepewa na meneja kwa mdomo wake. Nimemzuia mwenye maua. Nimemzuia mwenye barafu, ikayeyuka mbele yangu. Wewe ni nani hata uvuke?"

"Ee Tembo, mwana wa watu wasiotishika," Hasina akasema huku akihema, "picha unazozilinda zitakuwa za bi harusi anayelia. Nikivuka, atakula. Nisipovuka, utakuwa umelinda nyasi."

Tembo akalitafakari neno hilo. Alikuwa na binti wa rika la Wayua. "Amri ilisema asivuke nyasi," akasema taratibu. "Haikusema chochote juu ya ua." Akageuka kutazama baharini, akiwa amekunja mikono, na hakusikia, wala hajakiri hadi leo kwamba alisikia, matawi ya ua yakivunjika nyuma yake.

Baani betri ilikuwa ikilia. Pi, pi, pi. Randu alikuwa akikata ndimu kwa utulivu wa mtu ambaye mlio ule ameuhesabu kuwa ni ndege.

"Randu! Imelia tangu saa ngapi?"

"Hii? Muda tu, dada. Nilikuwa karibu niizime, inawasumbua wateja."

"Usiiguse! Kwa Mungu usiiguse!"

Akapiga magoti mchangani, nyuma ya kreti za soda, akakivuta kibodi magotini. Lau betri ingekata roho, kompyuta ile nayo ingeamka kesho na kuagiza kasha jipya, na nambari ya zamani ingepotea pamoja na amani ya wafanyakazi. Mlio ukashika kasi: pipipi. Hasina akaandika swali. Kioo kikafikiri. Akalirudia jina la Mola. Kioo kikafikiri tena, kama karani arudiye kutoka kula. Kisha jibu likatokea, jeupe juu ya weusi: 3.4.2.

"Tatu, nne, mbili," akasema kwa sauti. "Randu, sema nami!"

"Tatu, nne, mbili," Randu akaitika, kisu cha ndimu mkononi, asijue anaapishwa kwa jambo gani. Betri ikatoa mlio mmoja mrefu, na kioo kikawa giza.

Sasa shuhudieni tendo lenyewe. Hasina binti Luqman alirudi kupitia uleule ua, miba kwenye mtandio, mchanga hadi magotini, mdomo ukirudia nambari kama dhikiri. Aliketi kwenye kiti chake cha plastiki. Nyuma yake mlangoni walibanana Bwana Japheth, Munyoki na Sefu. Akaufungua ule mstari. Akalisogeza lile jongoo jembamba linalopepesa kiooni, lionyeshalo herufi itaangukia wapi, hadi mwisho wa jina la kasha, ukingoni mwa ile nafasi aliyoiacha miaka miwili. Akaandika nukta mbili, moja juu ya nyingine. Akaandika tatu. Akaandika nukta. Akaandika nne. Akaandika nukta. Mkono ukasita angani, na walio mlangoni wakasita nao. Akaandika mbili.

Akaiamuru kompyuta iamke.

Wakakimbilia jikoni wote, wakaizunguka printa, vichwa vimeinama. Sefu akaituma upya oda ya kwanza. Printa ikanguruma, ikakwama, ikanguruma tena, ikatoa ulimi wake mweupe polepole.

Meza 1.

Kelele zilizopigwa hapo ziliwatimua kunguru paani. Munyoki akaivaa kofia yake kwa mkono mmoja na kupakua kwa mwingine. Bwana Japheth, ambaye koti lake halikuwahi kuguswa na mvuke, alibeba sinia la maharusi mwenyewe, na Sefu akamtangulia akimfungulia njia. Wayua aliuona wali, akamwona kuku wa kupaka, akasahau mpiga picha, akala kwa mkono hadi kwenye kiwiko cha gauni. Mzee Maweu akapata uji wake. Vijana wa boda boda wakapata mbavu na wakanyamaza, jambo ambalo mashahidi wote wanalikubali kuwa la ajabu kuliko yote.

Basi na iandikwe, na isomwe kwa wajukuu wa Galu, wa Msambweni na wa milimani: kwamba Jumamosi hiyo, saa nane na dakika kumi, pengo la miaka miwili lilizibwa kwa alama sita, na hakuna aliyepoteza kazi, jino wala uso.

Bwana Japheth alitaka kutoa hotuba, akaishia kumpa Hasina mkono. Kisha, maana tarehe ya ule mstari aliisoma kiooni, akamwambia wiki ijayo watazungumza juu ya Ijumaa saa kumi na moja. Munyoki hakumpa mkono. Alimpakulia sahani, ukoko wa wali juu, akamwekea kwenye meza ya kukatia nyama, akasema, "Keti ule. Ungenyamaza saa ile, ningekuwa stegi saa hii, nangoja basi la Mutomo." Kisha akachukua chaki, akafuta orodha ya supu kwenye ubao wa jikoni, akaandika kwa herufi kubwa 3.4.2, na kutangaza kwamba atakayeufuta atakatwa kidole.

Jioni, wageni walipoanza kutawanyika, Mama Syovata aliingia jikoni kushukuru. Hasina akamwambia shikamoo, naye mama akaitikia marahaba mwanangu, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili. Kisha akauona ubao. Akavaa miwani.

"Sura ya tatu, mstari wa nne na wa pili," akasoma. "Mbona wameanza na wa nne? Ni kitabu gani hicho?"

"Cha Hasina, mama," Munyoki akasema.

"Sikijui. Kiko Agano Jipya?"

Munyoki akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeona mengi. "La kale, mama. Jipya leo limetutesa."

Mama Syovata akaufikiri ubao kitambo. Kisha akainamisha kichwa, akasema Amina, na jiko zima, Waislamu kwa Wakristo, likaitikia.